Chungwa Halikutokea Upande wa Pili

Nafula mwanangu,

Siwezi kuanza kwa kukuuliza hali, maana asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza chapati tatu na kulalamika kwamba chai haina tangawizi. Uko mzima. Mimi ndiye si mzima, na si ugonjwa wa kupelekwa hospitali. Nina hasira. Ninazo tangu Jumapili, na mamako ameshaniuliza mara mbili kama nimegombana na mtu kanisani.

Wewe na yeye mmeenda mjini kutafuta gambuti za kazi yako mpya ya pwani na neti ya mbu. Nimebaki peke yangu hapa mezani. Mawingu yamejaa upande wa Ngong Road, na najua mvua ikianza mtakwama huko katikati ya jiji mpaka jioni, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa wala kuchagua marafiki. Mamako ameyasema hayo wiki nzima na atayarudia kwa simu. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja nililokuambia Jumapili, ambalo nataka unirudishie.

Unakumbuka ilivyokuwa. Baada ya chakula sinki ya jikoni ilikataa kupitisha maji. Ukaingiza mkono, ukavuta kitambaa cha kuoshea vyombo kilichokuwa kimekwama, ukakiinua juu na kusema ule mzaha wa nyumba hii: "Syombua amepitia hapa!" Mamako akacheka mpaka akashika kiuno. Nami nikacheka. Kisha ukapangusa mikono, ukaja ukaketi karibu nami, ukanionyesha kwenye simu ile karatasi uliyotumiwa na kampuni inayokuajiri.

Niliisoma yote. Ilisema kwamba wewe, mkaguzi, umeyaona yale mabwawa matatu ya maji ya mvua yaliyochimbwa karibu na mdomo wa mto Sabaki, kwamba umekagua mabomba yanayoyaunganisha, na kwamba maji yanapita vizuri kutoka bwawa la kwanza hadi la mwisho. Mahali pa sahihi paliachwa wazi. Mkaguzi aliyekutangulia aliondoka bila kutia sahihi, na sasa wanataka uitie wewe kabla hujaripoti kazini.

"Daddy, lakini mimi sijawahi fika huko hata siku moja. Si hii ni kitu weird?"

"Hiyo ni kawaida. Wewe sign tu, mabwawa utayaona ukifika."

"Uko sure?"

"Kwani mimi nimekagua mitaro miaka mingapi katika Nairobi hii?"

"Sawa basi. Nitasign kwa treni, nikishakaa."

Neno lenyewe ndilo hilo, kawaida. Nirudishie. Usisaini karatasi hiyo.

Ningekuambia kwa mdomo kama mtu mzima, na nimejaribu. Jana usiku nilisimama mlangoni mwa chumba chako, ukaniuliza, "Unataka nini, Daddy?" nikaishia kukuuliza kama umepaki soksi. Mtu aliyekagua mitaro ya jiji zima anashindwa kusema sentensi moja kwa mtoto wake, anaulizia soksi. Ndiyo maana naandika.

Unajua nilikuja hapa kutoka Bungoma nikiwa kijana, lakini kazi yangu ya kwanza nimekusimulia ile sehemu ya kupendeza tu. Nilikuwa kibarua wa kuzibua mitaro katikati ya jiji kabla ya mvua za masika. Tulishuka na sepetu, tukatoa tope, chupa, viatu na mchanga wa mijengo, tukavirundika ukingoni mwa mtaro, tukaenda zetu. Lori la kuzoa halikuja. Mara halina mafuta, mara dereva hayupo, mara limepelekwa kwingine. Mvua ya kwanza ikinyesha, tope lote linarudi mtaroni, barabara inafurika, wachuuzi wanabeba mali yao kichwani, watu wa ofisi wanavua viatu, na wiki inayofuata tunaitwa tena kutoa tope lile lile. Kuna kiatu kimoja chekundu cha kike nilikitoa mara tatu katika mtaro mmoja. Cheka, nimekuruhusu. Mimi pia wakati ule nilicheka. Nilipata kazi kila mwaka kwa sababu kazi haikufanyika, na sikuona ubaya wowote.

Aliyenitoa katika ujinga huo ni msimamizi wetu, Mzee Ogola, mtu mfupi mwenye ulimi mkali. Yeye alikuwa na mtindo wake. Bomba jipya likikamilika, kabla ya kulipitisha, ananunua machungwa kwa mama wa kando ya barabara. Lazima yawe yameiva, ya manjano, si haya ya kijani, ili yaonekane kwenye giza la bomba. Mfuniko wa juu unafunguliwa, chungwa linatupwa ndani, pipa la maji linamwagwa nyuma yake. Ogola mwenyewe anakuwa amepiga magoti kwenye shimo la chini, kule bomba linakotokea. Chungwa likija, anasaini. Lisipokuja hasaini, hata aje nani.

"Karatasi inaweza danganya wewe," aliniambia, "lakini hii matunda haina bosi."

Alipostaafu nilikuwa nimeshakuwa mkaguzi, nikaurithi mtindo wake. Ofisini wakaniita Mzee Matunda. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinusa koti langu jioni na kuuliza nimeficha wapi chungwa. Nilikuwa mkaguzi mzuri, Nafula. Nakuambia hivyo kwa sababu nataka ujue kwamba kilichofuata hakikufanywa na mtu asiyejua kazi.

Ulikuwa darasa la nne. Kule Kileleshwa jumba la ghorofa nane lilikuwa limekamilika upande wa chini wa barabara, karibu na kijito. Bomba la maji ya mvua lilitakiwa kupita chini ya maegesho ya magari, lizunguke ukuta, limwage kwenye mtaro mkubwa. Nilitupa chungwa, tukamwaga pipa zima. Nikaenda nikapiga magoti kule chini, nikangoja. Hakuna chungwa. Hakuna hata maji. Nikarudi juu nikatupa la pili na kumwaga pipa la pili. Shimo la chini likabaki kavu kabisa, na buibui alikuwa ametanda utando wake pale mdomoni mwa bomba bila wasiwasi.

Kontrakta alikuwa amesimama nyuma yangu akichokonoa meno. "Mzee Matunda, hiyo imekwama tu kidogo. Nitakuletea gunia mzima ya machungwa."

Nilijua. Walikutana na mwamba katikati, wakachoka kuchimba, wakafukia, wakaweka vifuniko vizuri vya chuma juu na chini kana kwamba kuna bomba katikati. Kisha simu ikalia, bosi wangu kutoka ofisini mjini. Wapangaji wanahamia Jumatatu, akasema, tia sahihi, watarekebisha baadaye, hiyo ni kawaida. Nikasaini juu ya boneti ya gari.

Usidhani nilihongwa. Afadhali ningehongwa, ningekuwa na kisingizio. Nilisaini kwa sababu jua lilikuwa kali, njaa ilikuwa inaniuma, na sikutaka kuitwa mtu wa matata. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya hiyo miaka yote na sijaipata.

Sasa nije kwa Syombua. Wewe unamkumbuka kwa vipande, kwa hiyo nitakurudishia vizima. Alikuja hapa mtaani Jamhuri kutoka Mwingi, kule kwenye ukame, ukiwa na miezi mitatu, mamako alipotakiwa kurudi kazini. Alikuita wajina, maana kwao Syombua ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na kwetu Nafula ni hivyo hivyo. Ulijifunza kutembea ukishika sketi yake. Na maji aliyaheshimu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye sukuma wiki, ya kufulia yalipiga deki, ya deki yalisafisha choo. Siku moja alinikemea mimi mwenye nyumba kwa kuacha mfereji wazi nikinyoa ndevu. "Baba Nafula, hayo maji unamwaga, kwetu ni safari ya punda."

Ulipokua ukawa huhitaji yaya. Wakati huo huo mwenye lile jumba la Kileleshwa akaniuliza kama namjua msichana wa kazi mwaminifu. Nikampa Syombua. Akapewa chumba cha kulala chini kabisa, pembeni mwa maegesho, chenye kidirisha cha vyuma. Nilimbebea sanduku lake mwenyewe mpaka mlangoni. Ili kufika mlangoni nilikanyaga kile kifuniko cha chuma, nikiwa na sanduku lake mkononi, nikijua kilicho chini yake. Nikamwambia chumba ni kizuri.

Mvua ya Aprili iliyofuata ilishuka alasiri moja. Maji ya paa, ya barabara, na ya vyoo vya ghorofa nane, kwa sababu shimo la choo likifurika walikuwa wamelielekeza kwenye bomba hilo hilo, yalikwenda mpaka kwenye ule mwamba, yakakosa njia, yakarudi. Yalitokea kwenye tundu la sakafu la bafu ya Syombua. Akafanya alichoweza. Akachukua nguo zake, akaziviringa, akazishindilia kwenye tundu kwa kisigino. Maji yakazisukuma. Akaongeza shuka. Yalipomfika kifuani mlango ulikuwa hausogei tena. Mlinzi wa lango alimtoa dirishani baada ya kung'oa vyuma kwa mtaimbo, na chuma kimoja kilimpasua paja. Kidonda kilichoingia maji ya choo hakikupona upesi. Mpaka leo anachechemea.

Asubuhi yake nani alitumwa kwenda kuandika ripoti? Mimi. Maji yalikuwa yamepungua. Mwangalizi wa jumba alichomoa furushi la matambara kwenye lile tundu, akalitupa mbele yangu kwenye saruji.

"Ndio hii, mzee. Huyu msichana ndio ameziba drainage."

Yalikuwa yameshindiliwa kutoka juu. Mtoto wa darasa la pili angeona. Mtu anayetupa takataka mtaroni kwa uzembe hatupi sketi yake ya kanisani. Niliitambua ile sketi, ni mamako aliyemshonea, ya bluu yenye marinda. Nikaishika mkononi ikichuruzika, nikaiweka chini, nikaandika kwamba chanzo cha mafuriko ni matambara yaliyotupwa mtaroni na mfanyakazi wa nyumbani, na kwamba bomba lenyewe liko sawa. Ningeandika vinginevyo, mtu angeuliza ni nani aliyelipitisha. Nikasaini kwa mara ya pili.

Walimfukuza siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili alikuja hapa, mguu umefungwa bendeji, akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni. Wewe ulikuwa shuleni, mamako kazini. "Baba Nafula, unisamehe," akasema. "Wewe ndio ulinipeleka pale na mimi nimekuharibia jina. Labda hizo nguo nilishindilia vibaya."

Nami nikamwambia, "Haya Syombua, yamekwisha, usijali."

Nilimsamehe, Nafula. Nilikaa kwenye kiti hiki ninachokalia sasa nikamsamehe yeye. Akanishukuru. Akanywa chai, akasuuza kikombe kwa maji kidogo sana, akachechemea mpaka steji kutafuta gari la Mwingi.

Jioni uliniuliza kwa nini wajina wako ameondoka bila kukuaga. Nikakuambia aliziba mtaro wa watu kwa matambara, akafukuzwa. Ulilia siku mbili. Kisha ukakua, kilio kikageuka mzaha, na mzaha huo umekaa nyumbani humu miaka kumi na tano. Kila sinki ikiziba, Syombua amepitia hapa. Msilaumiane wewe na mamako. Mzaha huo niliutengeneza mimi, na Jumapili niliucheka, na dakika tano baadaye nikakuambia usaini usichokiona. Ulipoinuka kwenda kukunja nguo zako ndipo niliposikia nilichokuambia.

Tangu hapo sipoi. Namkasirikia yule bosi, ambaye alipandishwa cheo. Namkasirikia yule kontrakta, ambaye mabango yake bado yananitazama kila nikipita njia ya mjini. Nawakasirikia wanaosema redioni kila Aprili kwamba mvua ya mwaka huu imezidi, kana kwamba mvua ndiyo iliyotia sahihi. Na nikishawamaliza hao wote nakuta mtu mmoja amebaki, amevaa koti lenye harufu ya chungwa, na huyo ndiye ninayetamani kumzaba kofi.

Jana niliwaambia naenda kwa daktari wa macho. Niliwadanganya. Nilitembea mpaka Kileleshwa. Lile jumba bado lipo, limepakwa rangi mpya. Kwenye kile kidirisha cha chini kulikuwa na pazia.

"Hapo ndani analala nani?" nikamuuliza mlinzi.

"Msichana wa kazi wa third floor, mzee. Kwani kuna shida?"

Nikanunua chungwa. Nikamwomba mlinzi anisaidie na mitungi miwili ya maji, tukafungua mfuniko wa juu, nikatupa, tukamwaga. Nikaenda nikapiga magoti kule chini kama zamani, ila siku hizi magoti yanalia. Kukavu. Nikapanda mpaka ghorofa ya tatu, nikabisha. Mama mwenye nyumba alitoka na simu sikioni.

"Na wewe ni nani wa kuniambia mtu wangu alale wapi?"

"Mimi ndio nilisaini hiyo bomba, mama. Haifiki mahali inaenda. Haijawahi fika."

Alinitukana vizuri sana, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, majirani wakafungua milango. Nilikuwa nimesubiri mtu anitukane kwa miaka kumi na tano. Jioni mlinzi akanipigia simu kwamba godoro la yule msichana limepandishwa juu.

Nilipotoka Kileleshwa nilishuka mjini, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu ya ofisi yetu ya zamani. Nilikuwa nimebeba nakala ya ripoti yangu, ile ya matambara, ambayo nimeificha chini ya vyeti vyangu miaka yote hii, na barua niliyoiandika ya kusema kwamba ripoti hiyo ni uongo na kwamba bomba hilo ni la juu juu tu. Kijana wa mapokezi akanitazama kwa huruma. "Mzee, hiyo file ni ya kitambo sana. Si utulie tu nyumbani upumzike?" Nikamwambia apige muhuri kwamba amepokea barua. Akasema haiwezekani. Nikakaa kwenye benchi lao nikiwa nimekunja mikono, nikamwangalia usoni mpaka saa kumi, akapiga. Sijui kama watafanya lolote. Huenda hasira yangu ikawachekesha. Lakini wiki ijayo nitarudi kwenye benchi hilo, na nyingine pia, na sasa niko tayari kabisa kuitwa mtu wa matata.

Sasa nikuambie kwa nini unakokwenda wewe si mbali na Kileleshwa kama unavyofikiri. Kile kijito kinaingia mto Nairobi. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi ukishapita Tsavo wanauita Galana, halafu Sabaki, na unamwaga baharini karibu na Malindi. Nilikariri hayo shuleni Bungoma na sikuwahi kuyafikiria. Maisha yangu yote ya kazi niliona kwamba maji yakishatoka mbele ya ofisi yetu, kazi imekwisha. Kumbe yalikuwa yanaenda kwa watu. Mvua kubwa zikinyesha na bahari ikageuka kahawia pale mdomoni mwa mto, ujue ndani yake kuna tope la babako, lile nililorundika ukingoni, na uchafu wa vyoo vya ghorofa nane unaofurika mpaka kijitoni kwa sahihi yangu.

Kwa hiyo mabwawa hayo matatu si kitu kidogo kwangu. Wewe umesoma kuliko mimi, unajua kazi yake. La kwanza litulize mchanga, la pili lenye matete lichuje uchafu, la tatu liyashike maji yasiwaangukie watu wa chini kwa mkupuo, yatoke pole pole kwenda baharini. Lakini yakiwa ni mashimo matatu yasiyofikiana, mvua ikija yatajaa na kumwagikia upande uleule walikolala watu. Ulinionyesha mwenyewe kwenye ramani zile nyumba ndogo zilizo chini ya bwawa la tatu. Kuna mtu humo aliyepewa chumba cha chini kabisa. Jina lake hujalijua bado, na karatasi ile inakutaka umwambie kwamba chumba ni kizuri.

Huenda mabomba yako sawa. Basi utasaini wiki ijayo, ukiwa umesimama pale, na hakuna aliyeumia kwa kungoja siku chache. Huenda pia watakuambia wewe ni mgeni, wewe ni mdogo, usianze kazi kwa ugomvi, kila mtu hufanya hivyo. Wataongea kwa upole. Bosi wangu alikuwa na sauti ya upole sana. Na huenda, sikufichi, ukafukuzwa kabla hujafungua sanduku. Ukifukuzwa rudi nyumbani. Chumba chako sitampa mtu, na sitakuuliza swali hata moja, na mamako nikimsikia ananung'unika nitamjibu mimi.

Hata hivyo sitaki ufikiri nakutuma ukasafishe niliyoyachafua. Yangu naenda kuyafanya mwenyewe. Kesho hutaniona stesheni. Mamako atakupeleka kwenye treni, nami nitakuwa nimeshapanda gari la kwanza la kwenda Mwingi. Leo asubuhi nilimpigia Syombua. Nambari yake alinipa mpwa wake anayeuza nguo mjini. Alishtuka kusikia sauti yangu.

"Baba Nafula! Kwani kuna msiba?"

Nikasema hakuna, nataka tu kuja kumwona. Kisha akauliza wajina wake anaendeleaje, nikamwambia sasa ni injinia wa maji, anaenda pwani. Nafula, alipiga kigelegele kwenye simu mpaka nikaitoa sikioni. Akasema nikifika atachinja kuku. Nimejaribu kumwambia asichinje na nimeshindwa kumpa sababu. Kwa hiyo nitaingia kwa mtu ambaye maji yake bado ni safari ya punda, nitapewa maji ya kunawa mikono, na kabla sijayagusa nitaitoa ile ripoti mfukoni nimsomee kila neno, pamoja na sahihi. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa na mtu mwenye haki. Akinisamehe sijui nitafanya nini, kwa kweli hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Mamako hajui chochote kati ya haya. Nitamwambia leo akishavua viatu. Ukisikia sauti zimepanda chumbani kwetu usije kuamua.

Barua hii naiweka ndani ya laptop yako, katikati ya skrini na vibonyezo, ili uikute leo ukirudi, kabla hujafungua kitu kingine. Ile karatasi uifute. Ukifika, waombe wakufungulie mfuniko wa juu, nenda ukapige magoti kule chini, ungoje mpaka uone kwa macho yako. Watakucheka. Wacha wacheke, wewe endelea kungoja.

Nimekuwekea machungwa matatu yaliyoiva kwenye mfuko wa mbele wa mkoba wako, moja la kila bwawa. Mamako akikuhimiza ule njiani, mwambie baba amesema hayo ni ya kazi.

Babako